Mama Mkenya, baba Mtanzania, nami sina kitambulisho

SWALI

Shikamoo mama,

Nakuandikia kwa simu ya mamangu, kwa sababu laini ya jina langu sina. Nianzie hapo, maana shida yangu yote imefungamana na hilo. Nina miaka 22, na laini inataka kitambulisho. Kitambulisho sijapata.

Nilizaliwa Tanga mwaka 2003. Babangu ni Mtanzania, Msegeju wa huko huko Tanga. Mamangu ni Mdigo wa Msambweni, Mkenya, baba yake Mkenya, na babu yake kazikwa pale pale Msambweni chini ya mkanju. Waliachana nikiwa na miaka sita. Mama akanirudisha kwao, baadaye tukahamia Likoni. Alichotoka nacho kwa mume ni mimi, kanga zake mbili, na cheti changu cha kuzaliwa cha Tanzania kimekunjwa mara nne ndani ya msahafu. Nimesoma Likoni darasa la kwanza mpaka kidato cha nne. Sijui pengine.

Nilipotimiza miaka 18 chifu aliniandikia barua, tukaenda na mama kwenye ofisi ya usajili. Afisa alikichukua cheti, akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele, akaweka kidole juu ya ile nembo. Akaniuliza, "Baba yuko wapi?" Nikamwambia yuko Tanga. Akanirudishia karatasi zangu. "Basi nenda kachukue kitambulisho kwa babako. Mtoto hufuata baba." Mamangu alikuwa amesimama ubavuni mwangu na kitambulisho chake mkononi. Hakuulizwa hata jina.

Mwaka 2023 nikajaribu tena. Safari hiyo niliketishwa mbele ya wazee wa kupiga msasa, wale wanaochuja nani ni Mkenya. Mmoja alinisemesha Kidigo, nikamjibu Kidigo mpaka akacheka. Mwengine akatazama cheti, akasema jina la mama si moja. Kwenye cheti ni Mwanaisha, kwenye kitambulisho cha mama ni Mwanasha. "Tutajuaje kama huyu ndiye mamako?" Nikaambiwa nitapigiwa simu. Mpaka leo sijapigiwa.

Kazi yangu ni kupaka hina na piko maharusi. Namshukuru Mungu, wateja ninao, Likoni, Mtongwe mpaka Mji wa Kale. Lakini pesa zangu zote huingia kwenye simu ya mama. Akienda Msambweni na simu yake, mimi hubaki sina hata nauli ya matatu. Mwaka jana hoteli moja ya pwani ya kusini ilitaka kuniajiri niwe nawapaka wageni. Walipenda kazi yangu, wakanipa fomu, na mstari wa kwanza ukauliza nambari ya kitambulisho. Nikairudisha fomu bila kuijaza.

Sasa mwezi uliopita ami yangu alipiga simu kutoka Tanga. Babangu amepata kiharusi. Upande mmoja hauinuki na maneno yanamtoka kwa taabu, lakini jina langu hulitaja. Nataka kwenda kumuona. Huko nyuma niliwahi kwenda mara moja kwa njia za panya, boda boda ikatupitisha kwenye minazi upande wa Vanga, karibu na mpaka. Kwenda tulipita salama. Kurudi tulisimamishwa na wanaume wawili, nikatoa elfu tatu ndipo nikaachiwa, na nilitetemeka mpaka Likoni. Mama ameapa sitapita tena huko.

Kuna broka hapa mtaani anasema kwa elfu kumi na nane atanitolea cheti cha kuzaliwa kinachosema nilizaliwa hospitali moja ya hapa Mombasa. Baba atakuwa Mkenya, jina lolote nitakalo mimi. Kwa cheti hicho, anasema, kitambulisho ni wiki mbili. Pesa ninazo nusu. Lakini kila nikitaka kumpa, namuona babangu kitandani. Nimfute kwenye karatasi, naye huko analitaja jina langu?

Mama, mimi ni Mkenya au si Mkenya? Na hii Jumuiya ya Afrika Mashariki tunayoambiwa imeondoa mipaka, mbona mimi imenishika hapa? Ami anasema pia kuna shamba la minazi ambalo babangu alinikusudia, ila hilo silo linaloninyima usingizi.

Mpaka hina, Likoni

(Majina ya mama nimeyabadilisha, nikaacha tofauti yake ilivyo.)

JIBU

Marahaba mwanangu. Mwenyezi Mungu ampe babako afueni, naye ami yako alipwe kheri kwa kukupigia.

Wewe ni Mkenya. Nimelitanguliza hili ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, inasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa, awe amezaliwa ndani ya Kenya au nje, mama yake au baba yake alikuwa raia wa Kenya. Mama au baba. Katiba haikuandika baba kwanza, wala haikusema mama atahesabiwa tu baba akikosekana. Mamako alikuwa Mkenya siku ile ya 2003 kule Tanga, na yeye peke yake anatosha.

Yule afisa aliyekwambia mtoto hufuata baba, maneno yale ana alikoyatoa. Ilikuwa ndiyo sheria yetu. Katiba iliyotangulia ilimtambua mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya pale tu baba yake alipokuwa raia. Mama Mkenya aliyejifungulia Tanga, Dubai au London alikuwa akirudi nyumbani na mtoto ambaye kwa sheria ni mgeni. Wanawake wa Pwani wameumia sana na kifungu kile, kwa sababu sisi ndugu zetu na wachumba wetu wako pande zote za bahari. Tarehe 27 Agosti 2010 kilikufa. Na waliotunga katiba mpya hawakuwasahau mliozaliwa kabla yake, kwani kifungu hicho hicho cha 14, sehemu ya pili, kinasema haki hii inawahusu sawasawa na waliozaliwa kabla ya katiba kuanza kutumika. Kwa hiyo asikwambie mtu kuwa 2003 ni mapema mno. Afisa yule alikusomea sheria iliyokwisha kuzikwa miaka kumi na moja kabla hujasimama mbele yake, na mamako mwenye haki akaachwa amesimama kama mpita njia. Hilo limeniuma mwanangu, na sitaki kulipitia juu juu.

Sasa broka. Usimpe hata shilingi.

Sikwambii hivi kwa kuogopa polisi tu, ingawa kutumia cheti cha uongo kupata kitambulisho ni kosa la jinai na kifungo kipo. Fikiri kile cheti kitakavyokufanya. Leo una ushahidi wa kweli, kwamba ulizaliwa Tanga, mamako ni huyu, babako ni yule. Ukweli huo ndio unaokupa uraia. Ukinunua cheti cha Mombasa, utakuwa umeweka kando haki yako iliyo imara na kusimama juu ya karatasi inayoweza kuanguka siku yoyote, miaka kumi baadaye, unapoomba pasipoti au unapomwandikisha mtoto wako. Na siku itakapoanguka, hata kile cheti chako cha kweli hakitaaminiwa tena, maana utakuwa mtu mwenye vyeti viwili vya kuzaliwa. Nimewasindikiza kina mama wengi kwenye ofisi hizi kwa miaka, na nilichojifunza ni kwamba kesi ngumu kuliko zote si ya asiye na karatasi. Ni ya mwenye karatasi mbili zinazopingana. Nakumbuka kijana mmoja alikuja kwangu na bahasha ya kaki, ndani mna vyeti viwili, akaviweka mezani ubavu kwa ubavu, akaniuliza kipi ni chake. Alikuwa ameshasahau mwenyewe siku yake ya kuzaliwa iliyo ya kweli. Sitaki ufike pale.

Na babako, mwanangu, umeshajijibu. Hukuhitaji mimi kwa hilo.

Kikwazo chako cha kweli ni kile alichokiona yule mzee wa msasa, herufi moja. Mwanaisha na Mwanasha. Alikuwa na haki ya kuuliza, ila hakuwa na haki ya kukuacha ukingoje simu mwaka baada ya mwaka. Jambo hili linatengenezeka. Mamako aende kwa wakili au kamishna wa viapo na kitambulisho chake pamoja na cheti chako, aape hati ya kiapo kuwa Mwanaisha na Mwanasha ni mtu mmoja, ndiye yeye, na wewe ndiwe uliyezaliwa naye Tanga mwaka 2003. Kisha mwombe ami yako atafute huko Tanga cheti cha ndoa ya wazazi wako. Kama waliozwa na sheikh na cheti kikaandikwa, nakala yake itawaweka mama na baba yako kwenye karatasi moja, na itakusaidia kuliko barua tatu za chifu. Kadi ya kliniki ya utotoni ikiwapo, iongeze. Karatasi za shule zako za Likoni pia, hasa fomu ya kujiunga yenye jina la mama kama mzazi.

Kuna kitu kimoja zaidi ambacho watu hukisahau. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inataka mzazi wa mtoto aliyezaliwa nje awe mwenyewe ni raia wa kuzaliwa. Mamako ni raia wa kuzaliwa, hilo halina shaka, lakini lazima lionekane kwenye karatasi. Beba cheti chake cha kuzaliwa. Kama hana, na wengi wa rika lake waliozaliwa nyumbani kwa mkunga hawana, aanze kukiomba sasa kwa usajili wa kuchelewa, na mchukue kitambulisho cha babu yako au nakala yake.

Halafu mlango wenyewe. Mara zote mbili ulianzia ofisi ya usajili wa watu, na nadhani ndiyo sababu ulikwama mapema. Aliyezaliwa nje ya nchi, idara inayothibitisha uraia wake ni Uhamiaji. Ombi siku hizi huanzia mtandaoni, kisha unafika ofisini na karatasi halisi. Nenda ofisi yao ya hapa Mombasa, sema maneno haya haya: "Nimezaliwa nje ya Kenya, mamangu ni raia wa kuzaliwa, naomba nithibitishwe kuwa raia wa kuzaliwa kwa kifungu cha 14." Usiseme unaomba uraia. Anayeomba uraia ni mgeni aliyekaa nchini kihalali miaka saba, au aliyeoa au kuolewa na Mkenya kwa miaka saba, na huyo ana fomu zake na masharti yake. Ukichukua fomu ya mgeni kwa makosa, utahukumiwa kama mgeni. Ukishapata uthibitisho, ndipo unarudi usajili wa watu kuchukuliwa alama za vidole.

Pengine umewasikia jirani zetu Wamakonde, walioletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi mashambani tangu zama za mkoloni, wakakaa vizazi na vizazi Kwale bila kitambulisho, mpaka Oktoba 2016 walipofunga safari kutoka Kwale wakielekea Ikulu, Nairobi. Mwaka uliofuata wakaanza kupewa vitambulisho. Wapemba wa Kilifi na Kwale nao wakatambuliwa mwaka 2023. Nawafurahia mpaka leo. Lakini njia yao si yako. Wao ilibidi sheria iwafungulie mlango kama watu wasio na nchi. Wewe nchi unayo tangu siku ya kwanza, kwa hiyo mtu akikwambia usubiri serikali "iwatambue watu wa aina yenu", usisubiri.

Ukikataliwa tena, usiondoke mikono mitupu. Omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha katiba kinakupa haki hiyo, na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 imeifafanua. Afisa anayejua anachofanya ataandika. Asiyejua ataanza kukutafutia kiti ukae. Chukua jina lake, tarehe, saa, na dirisha ulilohudumiwa, andika kwenye daftari lako la wateja wa hina kama huna jingine. Karatasi ya kukataliwa ndiyo utakayoipeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali, au kwa mashirika ya haki za binadamu yaliyo hapa mjini, kama MUHURI, na hata mahakamani ikibidi. "Niliambiwa rudi kesho" haipelekwi mahakamani.

Tuje Tanzania, maana hapa kuna jambo ambalo broka hakukwambia na pengine hata ami hajalifikiria. Kwa kuwa ulizaliwa Tanga na babako ni raia, huenda ulikuwa raia wa kule pia. Kenya tangu 2010 haina tatizo na hilo. Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuwa na wa nchi nyingine, mradi aueleze serikalini, asiufiche. Tanzania ni tofauti. Sheria yao ya uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, na aliyezaliwa na pande mbili hutakiwa achague akishafika utu uzima. Umri huo umekupita. Kwa hiyo ukikaa Kenya na kuchukua kitambulisho cha Kenya, ujue kuwa ukivuka mpaka pale Horohoro unavuka kama mgeni, hata kama unakwenda kwenye nyumba uliyozaliwa. Ni uchungu, najua. Lakini maisha yako yote yako Likoni, mamako yuko hapa, kazi yako iko hapa, na sioni kwa nini usichague hapa. Ila uchague ukijua.

Na ndiyo maana lile shamba la minazi usiliguse bila wakili wa Tanga. Sheria ya ardhi ya Tanzania ya 1999 kwa kawaida haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na urithi una mambo yake. Kama babako anataka upate kitu, ni bora familia izungumze na wakili wa kule yeye babako angali hai, akili yake inafanya kazi, kuliko baadaye kwenye matanga.

Umeuliza kuhusu Jumuiya na mipaka. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na inatoa haki ya raia wa nchi mwanachama kuingia nchi nyingine bila viza na kupewa ruhusa ya kukaa hadi miezi sita. Haki hiyo ipo kweli. Watu wanachanganya tu namna ya kuitumia. Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tangu 2014, kwa sababu nchi hizo tatu zilikubaliana hivyo. Tanzania haimo kwenye makubaliano hayo. Kwa Horohoro unahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria inayotolewa na Uhamiaji. Ndiyo maana unawaona watu wanateremshwa kwenye basi Lunga Lunga, upande wetu wa mpaka huo, na kitambulisho kizuri mkononi, wakilalamika kuwa Jumuiya ni uongo. Jumuiya si uongo, ni kwamba wamebeba karatasi isiyo ya mpaka ule. Na wabebe pia ile kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo huulizwa pale. Chanjo ni mara moja maishani, usikubali mtu akwambie kadi yako imeisha muda.

Mpaka wenyewe, ukitaka kujua, Waingereza na Wajerumani ndio waliouchora mwaka 1886, mstari kutoka mdomo wa mto Umba kwenda bara. Hawakumuuliza Mdigo wala Msegeju. Wazee wako wa pande zote mbili walilala ndugu wakaamka mmoja wa Mwingereza na mwengine wa Mjerumani. Damu yako ndiyo hiyo iliyokatwa katikati, na sioni haya kusema kuwa ni dhulma. Lakini kuipinga kwa kupita vichakani Vanga usiku hakumdhuru Mwingereza. Kunakudhuru wewe. Wale wanaume wawili waliokula elfu tatu zako walijua huwezi kwenda kuwashtaki popote.

Basi utamfikiaje babako kabla ya kitambulisho? Hapa sitakudanganya, ndipo pagumu. Siku utakayokwenda Uhamiaji kwa suala la uraia, beba pia barua ya hospitali kutoka Tanga. Ami aitume kwa simu ya mama, ichapishwe. Waeleze kuwa una baba mgonjwa, ombi lako liko mbele yao, na mamako raia amesimama nawe, kisha uombe hati ya muda. Kifungu cha 39 cha katiba kinampa kila mtu haki ya kutoka Kenya. Hawalazimiki kukupa hati siku hiyo hiyo, lakini nimeona ombi lenye barua ya daktari likisikilizwa haraka kuliko lisilo nayo. Wakikwambia mpaka uraia uthibitishwe kwanza, uliza itachukua muda gani na uandikiwe.

Ubalozi mdogo wa Tanzania uko hapa hapa Mombasa, na ukiwa na cheti chako wanaweza kukuongoza. Nenda ukaulize. Lakini ukipewa fomu, isome mpaka mwisho kabla ya kutia saini. Kama inakutaka ujitangaze kuwa raia wa Tanzania, simama hapo, rudi nyumbani, zungumza na mama, tafuta wakili. Usifanye uchaguzi wa maisha yako kwa sababu basi la Tanga linaondoka saa nne.

Jambo moja kuhusu hina, kwa sababu nakujua wewe ni mchapakazi na huko kuna maharusi. Ukivuka kumtembelea babako, tembelea. Usibebe koni za hina za kazi. Ruhusa ya miezi sita ni ya kutembea, si ya kuchuma. Kwenye kazi kila nchi iliorodhesha zile ilizozifungulia majirani, na Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, saluni ikiwemo. Kenya ililalamika, na mimi naona si haki kati ya majirani. Lakini anayekamatwa na koni mkononi ni wewe, si waziri. Mpake wifi yako hina kwa mapenzi kama yupo, bure.

Ukishika kitambulisho, jambo la kwanza ni laini ya simu kwa jina lako. La pili rudi kwenye ile hoteli, kwani walipenda kazi yako na maharusi wa ufukweni hawajaisha. Ombi la pasipoti lifuate baada ya hapo, ili safari ya pili kwa babako usiombe hati ya muda tena.

Siku ya kwenda ofisini vaeni vizuri wote wawili, mtoke Likoni mapema kabla feri haijasongamana, na mama asimame mbele yako kwenye foleni. Safari hii aulizwe yeye kwanza. Akiulizwa jina, alitaje kama lilivyo kwenye kitambulisho, kisha atoe ile hati ya kiapo bila kungoja kuombwa.

Na leo usiku, kabla ya yote haya, ichukue simu ya mama umpigie ami, amwekee babako simu sikioni. Hata kama hawezi kujibu, sema naye. Kisha mwambie ami aanze kutafuta kile cheti cha ndoa.